Tabia ya Taifa au Mazoea ya Lugha? Uhakiki wa Sifa Wanazopachikwa Wasemaji wa Kiswahili Mpakani Migori na Homa Bay

Miongoni mwa misemo inayorudiwa sana katika vyumba vya walimu wa Kiswahili ni ule udaio kwamba lugha hii ilizaliwa Unguja, ikalelewa Tanzania Bara, ikafia Kenya na kuzikwa Uganda. Chini ya mzaha huo mna nadharia nzima ya tabia za mataifa: Mtanzania ni mpole na mwenye adabu, Mkenya ni mkali, mwenye haraka na asiyejua kuomba. Makala haya yanakusudia kuihakiki nadharia hiyo kwa kuipima mahali ambapo, kama ni ya kweli, ingepaswa kuonekana wazi kuliko kwingine, yaani mpakani, katika kaunti za Migori na Homa Bay.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliupitisha mpaka kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwani, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, bila kuuliza ni nani aliyekuwa akilima au kuchunga huko. Wakuria wakagawanyika: wengine wakawa wa Kehancha na Isebania, wengine wa Sirari na Tarime. Wajaluo nao wako Muhuru upande huu na Shirati upande ule. Ikiwa utaifa ndio uumbao tabia, basi twapaswa kumkuta Mkuria mpole kusini ya mpaka na Mkuria mkali kaskazini yake. Lakini masimulizi ya Watanzania wenyewe hayasemi hivyo. Huko Mkuria ndiye anayesifiwa, au kulaumiwa, kwa ukali, hata hudhaniwa kuwa amezaliwa askari. Kumbe taifa linaloitwa pole lina raia ambao huwatoa katika upole huo kila linapowataja. Mtetezi wa nadharia atasema kwamba ukali huo ni wa kabila, si wa taifa. Na tumfuate huko.

Wasuba wa Rusinga na Mfangano ni Wabantu ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Kwa vizazi kadhaa wameoana na Wajaluo na kuingia katika lugha yao, hata leo walio wengi husema Kijaluo. Pamoja na lugha walipokea pia sifa: majivuno, ufasaha wa kusema, kupenda fahari. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa wa asili ya Suba, lakini umahiri wake wa kuhutubia hutolewa mara kwa mara kuwa kielelezo cha Mjaluo. Twauliza: nafsi za watu hawa zilibadilika mwaka gani? Kilichobadilika ni lugha yao na jina waliloitwa na majirani. Sifa ililifuata jina.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2005 Antonio Terracciano na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa tamaduni 49. Walilinganisha tabia ambazo watu huamini kuwa ni za taifa lao na vipimo vya tabia vya mtu mmoja mmoja, na hawakuona uhusiano wa maana. Wakanada walijiona wapole na Wamarekani walijiona wenye kujitutumua, lakini vipimo vyao vilikaribia kulingana. Ni kweli kwamba vipimo vya hojaji vina udhaifu wake, kwa kuwa mtu ajipimapo hujilinganisha na jirani zake. Hata hivyo, mzigo wa kutoa ushahidi sasa uko juu ya yule anayeishikilia taswira ya taifa.

Taswira hiyo basi imetoka wapi? Kwa maoni yangu, sehemu yake kubwa imetoka katika lugha. Mjaluo nyumbani kwao husema «miya pi», yaani «nipe maji», wala hahesabiwi kuwa amekosa adabu. Heshima imo katika sauti na katika salamu iliyotangulia. Akiingia katika Kiswahili huja na utaratibu huo, akasema «nipe chai». Msikilizaji wa Dar es Salaam, aliyelelewa na «naomba», husikia amri. Sarufi ya ombi imesomwa kana kwamba ni moyo wa mwombaji.

Historia ya elimu imelizidisha jambo hili. Tanzania iliamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Nchini Kenya kilifanywa somo la lazima la mtihani kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mzee wa Ndhiwa aliyesoma kabla ya hapo aliweza kumaliza shule bila kutahiniwa Kiswahili. Alikiokota sokoni, mashambani au kambini, mahali ambapo amri ni nyingi kuliko maombi. Siasa nayo ikatia chumvi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa hadi mwaka 1983. Katika miaka ile Kenya iliitwa nchi ya mtu kumla mtu, na Wakenya wakajibu kwamba jirani zao hawana hata cha kula. Ugomvi wa sera, baina ya ubepari na Ujamaa, ukageuzwa kuwa maelezo ya nafsi za watu.

Fasihi bora imekataa njia hiyo fupi. Katika The Promised Land ya Grace Ogot (1966), Ochola na mkewe Nyapol wanaihama Nyanza kwenda kutafuta utajiri Tanganyika. Mume ana tamaa na pupa. Mke ana hadhari na hataki kuondoka. Ni Wajaluo wawili wa nyumba moja, na hadithi yote inasukumwa na tofauti iliyo baina yao. Mwandishi ambaye angetosheka na «tabia ya Wajaluo» asingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Jambo hili latuhusu sisi walimu kwa namna ya pekee. Tunapomsahihisha mwanafunzi wa Kehancha au Mbita na kuandika kwamba Kiswahili chake «hakina adabu», tumeacha kupima lugha, tumehukumu watu. Yafaa tumfundishe waziwazi namna za kuomba, kukataa na kurai katika Kiswahili, tukizilinganisha na zile za Kijaluo na Kikuria ambazo tayari anazijua. Naye msomi wa Kitanzania anayesikia «nipe» kutoka ng'ambo ya Sirari na aulize kwanza msemaji huyo alijifunzia wapi.