Sifa za Kikundi Kinachofika

Kikundi cha tarabu cha Mombasa hakikungoja meneja ndipo kisafiri, kilingoja harusi. Wenye shughuli wa Malindi wakimtuma mtu Mji wa Kale kuja kushika siku, safari imeshapatikana: nauli, chakula na malazi ni juu yao, ujira hupatanwa mapema, na pesa za kutunzwa ni bahati ya usiku wenyewe. Hivyo ndivyo walivyokula mkate wao waimbaji Zein l'Abdin, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh na Juma Bhalo. Kanda za nyimbo zao, nyingine zikirekodiwa papo hapo harusini, ziliuzwa Mji wa Kale katika duka la Mbwana Radio Service. Kanda ikitangulia Lamu, ndiyo tangazo hilo. Ni njia ya zamani pwani hii: mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zao zikarudi kuingia majumba ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuyakanyaga.

Kuimba kuna wasifiaji wake tele. Mimi nasifu kazi inayofanywa kabla taa hazijawashwa.

Chukua udi. Ukienda Lamu kutoka kisiwani Mombasa, unavuka daraja la Nyali, unapita Kilifi, Malindi, Garsen, hadi Mokowe, kisha mashua. Masanduku ya spika hutupwa popote penye nafasi, lakini udi hupakatwa, kwa kuwa mbao zake ni nyembamba na hazipendi jua wala mishtuko. Nyuzi zake hufungwa mbili mbili, isipokuwa ule mzito wa juu, na kila jozi lazima itoe sauti moja. Ikipishana kidogo tu, kila asikiaye anajua pana kasoro, hata kama hawezi kuitaja. Basi mpigaji hujitenga ukutani, kidevu juu ya ubao, anakaza kigingi, analegeza, anagonga tena, huku jenereta inanguruma na watoto wamemzunguka wakitaka kugusa. Tashkota, chombo kilichobuniwa Japani mwaka 1912 na chenye vibonyezo mithili ya taipureta, nacho kinangoja zamu yake ya kusumbua.

Hayo ni ya vyombo. Kazi ngumu zaidi ni ya watu. Nyimbo za tarabu zina mafumbo, na anayeinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji huenda anampiga mtu kijembe: wifi, mke mwenza, jirani wa tangu kisima kilipokauka. Nyumbani Mombasa mwimbaji anazijua koo na magomvi yao. Ugenini hajui kitu, na ana alasiri moja ya kujifunza mji mzima. Mwenye akili haanzi na wazee sebuleni. Hupita uani kwenye masufuria ya pilau, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Wapishi hawana siri. Akitoka hapo anajua wimbo gani uimbwe mapema, upi uwekwe hadi bibi fulani aondoke, na upi usiguswe kabisa hata wakiuomba kwa elfu.

Linganisha na bendi ya Them Mushrooms, waliojijenga kwa kupigia watalii mahotelini. Siwadharau hata kidogo. Kumchangamsha mgeni asiyeelewa neno unaloimba kuna ufundi wake. Lakini pale bendi imekaa na wasikilizaji ndio wanaobadilika. Mtalii akiudhika, Jumamosi yuko kwenye ndege. Mwanamke wa Lamu akiudhika, habari itafika Mombasa kabla ya kikundi.

Siku hizi kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya wapigaji wengi. Chasafiri vizuri, hakilegei nyuzi, na gari dogo latosha. Sikatai. Ila wapigaji wakipungua, hupungua pia wa kutumwa jikoni.

Wakati wa kukunja nyaya ndipo kazi inapopimwa. Makofi yamekwisha, vijana wanabeba spika, na mama wa nyumba ya tatu amesimama kando, mtandio begani, anangoja kiongozi amalize kuhesabu.

“Ustadhi, mwezi wa Shaabani mna nafasi?”

“Ipo, mama.”

“Na bei ni hii ya jirani, au mwanipandishia?”