Bembea na Sikio la Mtoto: Uhakiki wa Nyimbo za Kiswahili katika Malezi ya Kampala

Katika uainishaji wa fasihi simulizi unaotumiwa na walimu wengi, yaani ule wa M. M. Mulokozi uliotolewa katika jarida la Mulika mwaka 1989, bembea zimepewa nafasi yake miongoni mwa nyimbo. Hata hivyo, darasani aghalabu sisi walimu huzipitia mbio mbio: fasili ya mstari mmoja, sifa tatu nne, kisha tunahamia kwenye tenzi na mashairi. Yamkini utanzu huu hudharauliwa kwa sababu hadhira yake bado haijui kusema. Katika makala haya tunakusudia kuuangalia kwa upande wa hadhira hiyo hiyo, yaani mtoto mchanga, na kuuliza iwapo nyimbo za Kiswahili anazoimbiwa mtoto wa Kampala zinamfikishia lugha, au zinamfikishia maneno tu.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Wako wazazi wanaoamini kwamba mtoto akiwekewa muziki wa Mozart atakuwa na akili nyingi. Imani hiyo ilitokana na jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1993. Waliojaribiwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, wala si watoto wachanga, na faida iliyoonekana ilidumu kwa muda usiozidi robo saa. Pamoja na hayo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia alitaka fedha za serikali zitumike kumpatia kila mtoto aliyezaliwa jimboni humo rekodi ya muziki wa aina hiyo. Mashine ikaajiriwa kuwa yaya.

Yaliyothibitika ni mengine, nayo kwetu walimu wa lugha ni makubwa zaidi. Mtoto huanza kusikia kabla ya kuzaliwa, na kinachomfikia tumboni si maneno bali ni mapigo ya sauti na kupanda na kushuka kwake. Mwaka 1980 wataalamu DeCasper na Fifer walionyesha kwamba mtoto wa siku chache tu huitambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 ukachapishwa uchunguzi wa vilio vya watoto wachanga 60, nusu yao wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Wajerumani vikielekea kushuka, kama zifanyavyo lugha za mama zao. Basi mahadhi ya lugha humwingia mtoto kabla ya msamiati wake.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 2005 Phillips-Silver na Trainor waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo dhahiri, huku wengine wakirushwarushwa kila pigo la pili na wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo uliolingana na namna alivyorushwa. Mama wa Kampala anayembeba mwanawe mgongoni huku akitwanga karanga na kuimba hakusubiri jaribio hilo, lakini si vibaya kwamba limekuja kumshuhudia.

Sasa tutazame hali ya mji wetu. Mtoto wa Kiganda huimbiwa bembea za Kiganda, na katika lugha hiyo toni na urefu wa irabu hubeba maana, hata mtunzi hawezi kuipeleka sauti juu au chini apendavyo bila kuliharibu neno. Kwa njia hii wimbo huwa ni somo la matamshi. Kiswahili kiliingia Uganda kwa mlango mwingine. Wengi walikisikia kwanza kambini, kituoni na sokoni, kikiwa lugha ya amri na ya bei. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyokipeleka kitandani kwa mtoto.

Pengo hilo linazibwa, katika shule za nasari na katika nyumba za wazazi wenye ari, kwa nyimbo za Kiingereza zilizofasiriwa. Nia ni njema, lakini kazi nyingi za namna hii zina kasoro kubwa. Kiswahili hakina toni, bali kina mkazo, na mkazo huo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mahadhi ya "Twinkle, Twinkle, Little Star". Ni mahadhi ya Kifaransa ya karne ya 18 (Mozart mwenyewe aliyachezea kwa piano kwa namna kumi na mbili), na kila mstari una sauti saba zenye uzito kwenye ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Sauti ya saba ndiyo ndefu. Tutunge mfano wetu: "Nyota nzuri ya mbingu". Silabi ni saba, hesabu imetimia, na mfasiri ataridhika. Lakini sikiliza! Uzito unaangukia "ya", kiunganishi kisichostahili uzito wowote. Silabi "mbi" inapita kama kivuli. Kisha "ngu" inavutwa. Mtoto anasikia "mbinguu", neno lisilosemwa na Mswahili yeyote.

Wimbo wa "Frère Jacques" una nafuu. Sauti nne za mwanzo zina uzito kwenye ya kwanza na ya tatu, na "mama yangu" hukaa humo vizuri kabisa. Kipande cha tatu ndicho kinachoharibu: kina sauti tatu, ya mwisho ikiwa ndefu, na ukikitia "mtoto" mkazo unahama kutoka kati kwenda mwisho.

Tutaambiwa kwamba hata waghani wa mashairi huvuta irabu ya mwisho, penye kina. Ni kweli. Lakini mghani huvuta irabu baada ya kulipa neno haki yake, na wanaomsikiliza ni watu wazima wanaoijua lugha. Mtoto wa miezi mitatu hana kingine cha kulinganishia. Isitoshe, kila mwalimu wa hapa anafahamu taabu ya "mutoto" na "mutu". Wimbo unaoipa "m" pigo lake peke yake, kisha ukaipa "to" ya kwanza pigo zito, ungefanya kazi ambayo ubao na chaki huhangaika nayo miaka mitatu.

Bembea za aina hiyo hazina budi kutafutwa miongoni mwa wanaobembeleza kwa Kiswahili, na watu hao wamo mjini humu. Katika mitaa ya Nsambya na Katwe wanaishi Wakongo wengi waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao, na wapo akina mama kati yao ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Baadhi ya walimu wenzetu husita, wakisema kwamba Kiswahili chao si sanifu. Kwa bembea, pingamizi hilo halina nguvu. Msamiati wa wimbo waweza kurekebishwa na mwalimu kwa kalamu yake. Mkazo ulio mahali pake, unaoandamana na mwendo wa mgongo wa mama, hauwezi kubuniwa mezani. Mwalimu wa Kampala anayetaka kukusanya bembea kumi za kuanzia hahitaji nauli ya kwenda Lamu wala Zanzibar. Anahitaji daftari, ruhusa ya mama mwenye nyumba, na jioni moja mtoto anapokaribia kulala.