Sifa za Msemaji wa Siku Mbaya

Ofisa uhusiano akitajwa, wengi humwona mtu wa fulana, mabango na picha za kukabidhi hundi ya mfano. Hizo ni kazi za siku njema. Ufundi wake huonekana siku mambo yameharibika: simu haziishi kuita, ndugu wamejaa getini, waandishi wanataka idadi, naye mkononi ana nusu tu ya habari. Ufundi huo ndio ninaousifu.

Vyuoni, somo la mawasiliano wakati wa majanga huanzia mbali: Chicago, 1982, watu 7 walipokufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu, na kampuni ya Johnson & Johnson ikatahadharisha umma na kuondoa madukani chupa zipatazo milioni 31. Ni mfano mzuri, ila mwanafunzi wa Arusha hana haja ya kwenda huko kote.

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, likiwapeleka watoto wa darasa la saba kwenye mtihani wa majaribio. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki dunia. Watoto 3 walinusurika. Kabla hesabu haijatulia, idadi tofauti tofauti zilishaenea. Mweke msemaji katika saa zile. Akinyamaza, uvumi unatawala. Akikisia, kesho atajisahihisha na neno lake litakuwa limeshuka thamani. Akiachia jina hewani kabla mzazi hajaambiwa, amemjeruhi mtu ambaye tayari ana jeraha.

Njia iliyobaki ni nyembamba: kutaja kilichothibitishwa na saa kilipothibitishwa, kuwatanguliza wazazi mbele ya kamera, na kusema atarudi saa ngapi na taarifa nyingine. Wazee wetu waliijua. Anayetumwa na habari ya kifo haropoki njiani. Humtafuta mkubwa wa nyumba, huketi, kisha hutamka lote bila kuzunguka.

Tamko la Machi 16, 2020 linafaa kusomwa kwa kalamu mkononi. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini: Mtanzania, mwanamke wa miaka 46, aliyetoka Ubelgiji na kutua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku iliyotangulia. Alipokaguliwa uwanjani hakuwa na homa. Akaenda hotelini Arusha, akajisikia vibaya, akafika Hospitali ya Mount Meru. Msikilizaji alipata umri, safari, tarehe na mahali anapotibiwa. Jina hakupewa, wala hakulihitaji. Aliyekuwa kwenye ndege ile alijua linamhusu. Aliyekuwa sokoni Tengeru alipata cha kupimia hofu yake.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, takwimu za Tanzania Bara zikakoma kutolewa. Ugonjwa haukukoma, na pengo likajazwa na sauti za kurushiana kwenye simu, zisizo na mwenyewe. Mji unaokula kwa mtalii, kama Arusha, huona kishawishi cha kufunika mambo kuwa busara ya biashara. Lakini wakala wa safari aliyeko ng'ambo naye ana simu. Akikosa neno la mwenye dhamana, huchukua la yeyote.

Kwa hiyo ufundi huu haupimwi kwa utamu wa ulimi. Hujengwa siku za kawaida, kwa kazi isiyopigwa picha: namba za wazazi zimehakikiwa, chumba cha ndugu kimetengwa mbali na waandishi, msemaji ni mmoja na naibu wake anajulikana, tamko fupi linasomeka redioni kwa Kiswahili ambacho bibi wa mitaa ya Ilboru ataelewa bila mkalimani. Mwajiri ambaye hukumbuka ofisa uhusiano wakati wa kuagiza keki ya sherehe tu, siku ya janga atamkuta na keki. Orodha ya namba hatakuwa nayo.