Mpira wa Vinyoya Uani: Jinsi Stadi Zinavyojengwa Bila Uwanja

Badminton, yaani mpira wa vinyoya, huchezwa katika uwanja wenye urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1 kwa mchezo wa wawili wawili. Mchezo wa mmoja mmoja hutumia upana wa mita 5.18. Uwanja huo ni wa lazima kwa mechi, lakini si kwa kila zoezi. Mpigo ukichambuliwa hatua kwa hatua, sehemu yake kubwa hutendeka mahali mkono unapofika na miguu inapopiga hatua mbili tatu. Kwa mkazi wa Mugeta, wilayani Bunda, ua uliofagiwa, ukuta mmoja na kamba vinatosha kuanzia.

Stadi ya kwanza ni ushikaji wa raketi. Kwa mpigo wa upande wa mbele, mpini hushikwa kama mtu anavyopeana mkono na mgeni, na dole gumba na kidole cha shahada vikiacha nafasi kati yake. Kwa mpigo wa upande wa nyuma, dole gumba huegemezwa kwenye ubapa mpana wa mpini. Vidole hulegea muda wote na kukaza pale tu raketi inapogusa kinyoya. Nguvu hutoka hasa katika kigasha kinachozunguka, si katika kukunja kifundo cha mkono. Mzunguko huo hufanyiwa mazoezi hata chumbani: kiwiko hutulizwa, raketi huzungushwa kushoto na kulia, kisha ushikaji hubadilishwa mbele na nyuma bila kuangalia mpini.

Ukuta huja baada ya hapo. Ule uliopigwa lipu ndio unaofaa, kwa kuwa tofali tupu hukwangua kichwa cha kinyoya. Mstari wa chaki huchorwa sentimita 155 kutoka chini, ambacho ndicho kimo cha wavu kwenye nguzo. Mchezaji husimama kama mita 2 kutoka ukutani na kupiga mipigo mifupi iliyonyooka juu ya mstari. Kinyoya hurudi haraka, hivyo hakuna nafasi ya kuvuta mkono nyuma sana. Hapo ndipo mkono hujifunza kuiweka raketi mbele ya mwili na kujiandaa mapema. Anayeona kinyoya kinamponyoka aanze na mpigo wa upande mmoja, kisha achanganye.

Mpigo wa kuanzia ndio unaofanyika nyumbani kwa vipimo halisi kabisa. Kamba hufungwa kati ya miti miwili kwa kimo cha sentimita 152, ambacho ni kimo cha wavu katikati. Mstari wa kuanzia huwa mita 1.98 kutoka wavuni kila upande, kwa hiyo mstari mmoja na mwingine hutenganishwa na chini ya mita 4. Majivu hutosha kuichora. Beseni huwekwa nyuma kidogo ya mstari wa mbali, liwe shabaha. Kanuni iliyoanza kujaribiwa mwaka 2018 inataka kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka ardhini wakati kinapopigwa, na alama kwenye mti wa pembeni humsaidia mchezaji kujikagua. Mpigo mfupi mzuri hufikia kilele kabla ya kamba na kuanza kushuka unapoivuka. Ukifikia kilele baada ya kamba, mpinzani atauvamia.

Miguu hufunzwa bila kinyoya. Nusu ya uwanja wa mmoja mmoja ina urefu wa mita 6.7, na kutoka katikati yake hadi pembe yoyote hakuzidi mita 4.3. Mchezaji hupiga kiruko kidogo katikati ili miguu iwe tayari, hukimbilia pembe moja, huiga mpigo, kisha hurudi. Mbele, hatua ya mwisho ni ndefu, kisigino kikitangulia na goti likielekea vidole vya mguu. Ardhi isiwe na kokoto wala utelezi.

Kwa mipigo ya juu, kinyoya huning'inizwa kwa uzi kwenye tawi, pale raketi inapofika mkono ukinyooka. Lengo ni kukigusa mbele kidogo ya bega, si nyuma ya kichwa.

Vifaa navyo vina hesabu yake. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mugeta, iliyo mashariki ya ziwa, iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kinyoya kilekile huenda mbali zaidi kuliko Dar es Salaam. Vinyoya vya plastiki vyenye utepe wa kijani, vilivyo vya mwendo wa polepole, hufaa kuliko vya utepe mwekundu, tena hudumu kuliko vya manyoya halisi. Asubuhi na mapema, upepo unapotulia, ndiyo saa bora. Upepo ni tatizo la wengi: mwaka 2019 Shirikisho la Badminton Duniani lilizindua mchezo wa nje wenye kinyoya chake maalumu kinachostahimili upepo mwepesi.

Kuna yasiyopatikana uani. Ukuta haufundishi kukadiria kinyoya kinachoshuka kutoka juu, wala kusoma nia ya mpinzani, wala kuchagua mpigo katikati ya uchovu. Hayo hudai uwanja na mtu wa kucheza naye. Hata hivyo, anayefika uwanjani akiwa na ushikaji sahihi, mpigo wa kuanzia usiokosea na miguu inayojua njia, atautumia muda wake wote kujifunza hayo yaliyobaki.