Wastani Usioonesha Mlima: Uhakiki wa Ukadiriaji wa Kaboni katika Misitu ya Milimani ya Afrika

Kwa muda mrefu, ilichukuliwa kuwa katika misitu ya tropiki kaboni hupungua kadiri mwinuko kutoka usawa wa bahari unavyoongezeka, kwa kuwa baridi, upepo na udongo wenye kina kidogo huzuia miti kukua. Makala ya Aida Cuni-Sanchez na wenzake (2021), iliyochapishwa katika jarida la Nature, ilitikisa dhana hiyo. Kwa kutumia data kutoka maeneo 44 ya milimani katika nchi 12 za Afrika, watafiti hao walikadiria wastani wa tani 149.4 za kaboni juu ya ardhi kwa kila hekta. Kiwango hicho kinazidi kwa takribani theluthi mbili kile kilichokuwa kikipendekezwa na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Uhakiki huu unakubali sahihisho hilo, lakini unahoji matumizi ya wastani huo katika maamuzi ya uhifadhi.

Kwanza, wastani huo unatokana na misitu komavu, ilhali misitu mingi inayosimamiwa leo imekwisha kuguswa na binadamu. Kilimanjaro ni mfano mzuri. Katika miteremko yake yenye mvua nyingi, mkulo (Ocotea usambarensis) umekatwa kwa miongo mingi kwa ajili ya mbao. Upande wa juu, Andreas Hemp (2005) alionesha kuwa moto umeushusha mpaka wa msitu. Mlima huohuo ndio wenye mti wa Entandrophragma excelsum uliopimwa kuwa na urefu wa mita 81.5. Hivyo, mtafiti anayelinganisha kaboni na mwinuko pekee anaweza kuwa anapima historia ya shoka na moto, huku akidhani anapima athari za baridi.

Pili, kaboni si kipimo cha bioanuwai. Kwa jumla, idadi ya spishi za miti hupungua karibu na kilele, lakini kaboni hailazimiki kufuata mkondo huo, kwani miti michache minene ya spishi moja inaweza kubeba sehemu kubwa ya kaboni ya hekta nzima. Kinyume chake, mimea ya Saintpaulia ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo baadhi ya spishi zake huota katika maeneo madogo sana, haiongezi chochote cha maana katika hesabu ya tani.

Tatu, takwimu hiyo inahusu kaboni iliyo juu ya ardhi tu. Katika miinuko yenye baridi, mabaki ya mimea huoza polepole na kaboni hujikusanya udongoni. Ulinganisho wa miinuko usiohusisha udongo, kwa hiyo, haujakamilika.

Hoja hizi zina uzito wa kivitendo. Iwapo malipo ya uhifadhi yatafuata tani pekee, msitu wenye kaboni chache na spishi adimu utakosa mtetezi. Inapendekezwa kwamba kila kadirio la kaboni kwa mwinuko liambatane na historia ya matumizi ya msitu, orodha ya spishi na vipimo vya udongo. Bila hayo, wastani sahihi unaweza kuhalalisha uamuzi usio sahihi.