Afrihili: sauti za kwetu, mawazo ya wengine

Wasomi wenzangu, kuna lugha moja ambayo jina lake limekatwa kwenye jina la lugha yetu, lakini ukizunguka Butembo na Beni siku nzima hautapata mtu anayeisema. Inaitwa Afrihili: nusu Afrika, nusu Kiswahili. Aliitunga Mghana mmoja, K. A. Kumi Attobrah, mzaliwa wa Akrokerri. Wazo lilimwingia mwaka 1967 akiwa ndani ya meli kutoka Dover kwenda Calais, na mwaka 1970 akatoa kitabu chake, Ni Afrihili Oluga. Alitaka Afrika yote ipate lugha moja ya kuelewana, biashara ipite vizuri, na gharama za kutafsiri na kuchapa zipungue. Mambo hayo hakuna anayeweza kumcheka. Sisi wenyewe tunaona kila siku karatasi moja inavyoandikwa mara tatu ili ifike kwa mkulima mmoja.

Lakini nia nzuri haitoshi. Nataka tuiangalie lugha hii kama tunavyoangalia mbegu mpya: inaota vipi, inazaa nini, na nani ataipanda. Mimi naona Afrihili ni nzuri kwa sikio na dhaifu kwa kichwa. Na udhaifu wake si wa Attobrah peke yake. Na sisi wenye lisansi tunao.

Tuanze na sauti, ju hapo ndipo alifanya kazi nzuri. Maneno ya Afrihili yanatembea kama ya kwetu: konsonanti, vokali, konsonanti, vokali. Hakuna ile misongamano ya konsonanti ambayo inatufanya tunyooshe shingo tukisoma Kiingereza. Juu ya vokali tano za Kiswahili akaongeza mbili, ɛ na ɔ, zinazoandikwa katika lugha za Ghana. Mtu wa pwani anaweza kuzishangaa, lakini Mukongomani hapana: Lingala inazitofautisha kila siku. Kwa hiyo mdomo wa mtu wa Butembo hauna shida na Afrihili.

Tena kuna jambo ambalo lingemfurahisha Munande yeyote. Kiakan, lugha ya Attobrah, na Kinande ziko mbali sana, milima na misitu ya nchi nyingi katikati, lakini zote mbili zina tabia moja: vokali za neno zinasikilizana. Mzizi ukisukuma ulimi mbele, vokali za jirani nazo zinafuata. Ukirudisha ulimi nyuma, zinarudi nyuma pamoja. Mtoto wa Lubero anafanya hivyo bila kufundishwa, na wanalugha wameandika vitabu juu yake. Ngessimo Mutaka, Munande mwenzetu, ni mmoja wao. Ukitafuta Afrika inakutana wapi, tafuta huko ndani, mahali ambapo hakuna aliyepanga.

Sasa sarufi. Hapa ndipo nilianza kukunja uso.

Katika Afrihili jina linaanza na vokali na kuisha na vokali. Ukitaka wingi, unachukua vokali ya mwisho unaiweka mahali pa ile ya kwanza. Omulenzi ni kijana mmoja. Imulenzi ni vijana. Kanuni moja tu, unaijua kwa dakika mbili. Rahisi kweli. Lakini wenzetu wanaopita Kasindi kwenda kuchukua bidhaa Uganda wanalijua neno hilo: omulenzi ni Kiganda, na wingi wake ni abalenzi. Mu ni mtu mmoja, ba ni watu wengi. Ni sawa na kwetu: omundu, abandu. Na mti ni omuti, emiti, ju mti si mtu. Ile silabi ndogo ya mbele inakuambia unaongea juu ya nini: mtu, mti, kitu, mahali. Attobrah aliichukua omulenzi na mu yake, halafu akainyima kazi. Katika imulenzi ile mu imebaki kama kisiki: unaiona, lakini haichipuki.

Mtu anaweza kunijibu: na Kiswahili cha Butembo je? Si sisi tunasema «kitabu yangu», «muti yangu», tukatupa nusu ya upatanisho ambao Watanzania wanaulinda? Ndiyo, tumeutupa. Lakini tazama nani aliutupa na tulipata nini badala yake. Waliutupa watu wa soko, wachukuzi, mama wauza unga, watu wa lugha tofauti waliokuwa na haraka ya kuelewana. Na watu haohao wakaongeza vitu: wanasema «tunaendaka» wakitaka kuonyesha mazoea, wanasema «kamutoto» na «tutoto» wakitaka udogo au upendo. Kilichopungua kilipungua midomoni mwa watu, na kilichoongezeka kiliongezeka midomoni humohumo. Hakuna aliyekaa mezani peke yake akaamua.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye maana. Angalia jina lenyewe la kitabu. Sisi tukisoma Ni Afrihili Oluga tunafikiri ni sentensi: «ni Afrihili...», halafu tunangojea iendelee. Kumbe ile ni ya Attobrah ni kile kineno ambacho Waingereza wanaweka mbele ya jina, na mpangilio wote ni wa Kiingereza, neno kwa neno: kineno, Afrihili, lugha. Muswahili anatanguliza lugha, halafu ndipo anasema ni lugha ya nani. Tena kuna hili: kupitia ni «kupitia» kama kwetu, paasa ni «nje», na kwa kusema «kotekote» kitabu cha 1970 kinaunganisha kupitia-paasa. Ukimwambia mkulima wa Oicha kwamba mvua ilinyesha «kupitia-nje», atakuuliza ilipitia nje ya nini. Waingereza ndio wanaounganisha vineno viwili hivyo kupata maana hiyo. Sisi hatuna njia hiyo, na hatuihitaji.

Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya Afrihili: alichukua sauti za Afrika akazivalisha mawazo ya Kiingereza. Ni lugha ya msomi aliyesoma vizuri sana, ambaye hakuwaita watu waje kuivunja na kuijenga upya.

Msiseme basi kwamba lugha yoyote ya kutungwa lazima ife. Zamenhof alitoa Esperanto mwaka 1887, naye alikuwa mtu mmoja tu. Lakini toka mwanzo aliandika kwamba lugha si mali yake, ni mali ya wote. Watu wakaichukua, wakagombana juu yake hata wengine wakajitenga mwaka 1907 na kuanzisha Ido, wakaandika mashairi, wakaoana, wakazaa watoto wanaoisema nyumbani. Ni ndogo, lakini ina wenyewe. Afrihili ilipata kitabu, na hata alama yake, afh, katika orodha fupi ya kimataifa ya lugha, orodha ambayo Kinande hakimo. Kinande kinapatikana tu kwenye orodha ndefu. Yaani lugha isiyo na kijiji ilipewa kiti mbele ya lugha inayosemwa toka Beni hadi Lubero. Umoja wa Afrika nao, ulipochagua mwaka 2022 lugha ya Kiafrika ya kufanyia kazi, ulichukua Kiswahili, lugha iliyokuwa imekwisha kutembea kwa miguu yake.

Sasa mtu atauliza: agronomu anatafuta nini humu? Natafuta kwa sababu Afrihili tunaitunga kila wiki. Fungua ripoti zetu. «Katika kadri ya mradi», «katika lengo ya kuimarisha», «kuchukua maamuzi». Hicho ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Mkulima anasikia sauti za kwake, lakini wazo linapita juu ya kichwa chake. Ni kupitia-paasa ileile.

Niliwahi kukaa katika mafunzo upande wa Lubero ambapo karatasi zilikuwa zimeandikwa Kiswahili safi cha kutoka mbali. Ukurasa mzima ulifundisha «mboji». Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza: hiyo mboji ni dawa? Inauzwa wapi, na kilo ni bei gani? Tulipoeleza, wote wakacheka: «Ah, mbolea ya majani!» Wanaitengeneza toka zamani, nyuma ya nyumba. Karatasi ilikuwa inawafundisha kitu chao kwa jina ambalo liliwafanya wadhani ni cha kununua.

Kwenye mbolea tunacheka. Kwenye ugonjwa hatuwezi kucheka. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha 25 Juni 2020, ikaacha watu 2,287 wamekufa. Katika ile miaka tulijifunza maneno mengi yaliyotungwa mahali pengine, na lililoshika sana ni «riposti». Lilikuja na maana ya kupambana na ugonjwa. Midomoni mwa watu wa Butembo na Beni likawa jina la magari, mishahara na wageni. Sisemi kwamba lugha ndiyo ilichoma vituo vya Katwa na Butembo mwezi wa pili 2019. Kulikuwa vita, kulikuwa uchaguzi ulioahirishwa kwetu, kulikuwa hasira nyingi. Lakini neno ambalo watu hawakushiriki kulijenga, watalijaza wao wenyewe, na watalijaza na kile wanachokiona.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kuchapa karatasi yoyote ya kilimo, isome kwa sauti mbele ya watu watatu wanaolima, mmoja wao akiwa mama. Wakibadilisha neno, andika neno lao. Wakicheka, uliza kwa nini. Wakinyamaza, futa sentensi nzima. Attobrah alikuwa na sikio zuri. Alikosa watu watatu wa namna hiyo, na sisi tunao kila mlima.

Nani ana maneno ya wakulima juu ya mnyauko wa migomba au ugonjwa wa kahawa? Yaandikeni hapa, pamoja na jina la kijiji mlikoyasikia.