Ua la Mwambani Ndani ya Chungu

Mwaka 1892, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao Ujerumani ua dogo la zambarau alilolikuta likiota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli. Baba yake alilifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Wataalamu wa uainishaji wamelihamishia jenasi ya Streptocarpus tangu mwaka 2015, ila Wajerumani wanaendelea kuliita kwa jina la milima ya Usambara. Marekani wapenzi wake walikuwa wengi kiasi cha kuanzisha chama chao mwaka 1946. Ni miongoni mwa mimea ya ndani inayojulikana zaidi duniani, na asili yake ni hapa kwetu.

Kwa mtu anayetaka kuelewa uhusiano wa chungu na maji, ua hili ni mwalimu mzuri, kwa sababu linaadhibu kosa upesi. Kwao mwambani linaishi katika udongo kiduchu: majani yaliyooza, kuvumwani, vumbi la mawe. Mvua hupita na kwenda zake, unyevu hubaki, na hewa huingia mizizini muda wote. Mizizi yenyewe ni myembamba na haiendi chini. Mmea wa namna hiyo ukitiwa kwenye chombo chenye kuta pande zote na sakafu chini, ukajazwa udongo mzito wa shambani, hufa katikati ya maji. Majani hulegea kana kwamba una kiu, mwenyewe anaongeza maji, na huko chini mizizi iliyokosa hewa inashambuliwa na vimelea kama Pythium, ambavyo mbegu zake huogelea ndani ya maji ya udongo. Mimea mingi ya ndani hufa hivyo, huku mwenyewe akiamini ameitunza.

Jibu la haraka la watu wengi ni tundu. Tundu ni lazima, hakuna mjadala. Lakini tundu haliondoi maji yote, na hapo ndipo uchambuzi wenyewe unapoanza. Udongo una nguvu ya kapilari, ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Nguvu hiyo huyashika maji yasidondoke, hata chungu kikiwa na matundu kumi. Baada ya kumwagilia na maji kuacha kutiririka, sehemu ya chini ya udongo hubaki imejaa maji kabisa, bila nafasi ya hewa. Kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo: zikiwa ndogo tabaka hupanda juu, zikiwa kubwa hushuka. Urefu wa chungu haulibadilishi.

Jambo hili linathibitishwa jikoni kwa sponji ya kuoshea vyombo. Iloweshwe hadi ishibe, ishikwe kwa ulalo mpaka iache kudondosha, kisha isimamishwe wima. Itadondosha tena. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo chake. Chungu kirefu na chungu kifupi vyenye udongo wa aina moja huwa na tabaka la maji lenye kimo kile kile, ila katika kifupi tabaka hilo linakula sehemu kubwa ya chungu chote.

Kwa hesabu hiyo, desturi ya kutandika kokoto au vigae chini ya chungu inahitaji kupimwa upya. Maji yakishuka katika udongo laini na kukuta kokoto, hayavuki mpaka udongo wa juu yake ushibe, kwa sababu nafasi kubwa kati ya kokoto hazina nguvu ya kuyavuta. Matokeo yake tabaka lililojaa maji linapanda juu, karibu zaidi na mizizi, na kimo cha udongo unaofaa kinapungua. Haki isemwe: yapo majaribio ya karibuni yaliyoonyesha kwamba kwa baadhi ya michanganyiko kokoto hupunguza maji yanayobaki. Hata hivyo, kwa chungu kidogo cha dirishani nafasi hiyo ni ya thamani mno kupewa mawe. Kipande cha wavu wa mbu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Wakuzaji wa ua la Usambara walikabili kitendawili. Mizizi ya ua hilo ni mifupi, kwa hiyo chungu kirefu kingebaki na udongo usio na mizizi ya kunywa maji yake, ukachacha. Wakatumia vyungu vifupi, ambavyo kwa kanuni ya sponji ndivyo vibaya zaidi kwa kutoa maji. Waliokoka kwa kubadili kilichomo ndani. Waliacha udongo wa bustani, wakachukua mchanganyiko wa mboji ya vinamasini, vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) na perlaiti, yaani zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliochomwa ukafura. Kichocheo kimoja walichokipenda ni sehemu sawa za vyote vitatu. Chembe zikiwa kubwa, tabaka la maji huwa jembamba, na chungu kifupi hakidhuru tena. Walikuwa wamerudisha mwamba wa Usambara ndani ya kopo, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ua hili.

Chombo chenyewe nacho kilibadilika. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua, maji hutoka kupitia kuta zake, na kwa anayemwagilia kupita kiasi hiyo ni kinga. Lakini maji hayo yanapokauka huacha chumvi za mbolea ukingoni, na vikonyo vya majani vinavyolala hapo huungua na kuoza. Wakuzaji walifunika ukingo kwa karatasi ya fedha au nta. Baadaye wengi walihamia plastiki: nyepesi, rahisi, ukingo wake ni laini, ila hushika unyevu kwa muda mrefu, hivyo mchanganyiko uwe mwepesi zaidi.

Kisha ukaja utambi. Uzi wa nailoni hupenyezwa kwenye tundu la chini, ncha moja udongoni, nyingine kwenye chombo cha maji, na mmea unakunywa wenyewe. Uzi wa pamba haufai kwa sababu huoza. Kwa kuwa udongo huo haukauki kamwe, perlaiti huongezwa hata kufikia nusu ya mchanganyiko.

Kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Nairobi, vifaa haviko mbali. Usumba wa nazi unashika nafasi ya mboji, mradi uloweshwe na kusuuzwa vizuri kuondoa chumvi. Badala ya perlaiti kuna mawe mepesi ya volkano, ambayo wakulima wa waridi wa Naivasha wanayajua vyema. Kopo la mtindi hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, matundu kadhaa chini na mawili matatu ubavuni. Chungu cha mapambo kisicho na tundu kibaki kuwa vazi la nje: mmea ukae ndani yake katika chungu cha plastiki chenye matundu, na maji yaliyotuama chini yamwagwe baada ya nusu saa.

Kipimo cha wakuzaji ni chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa mmea: mmea ambao majani yake yameenea sentimita 30 unatosheka na chungu cha sentimita 10. Na mchanganyiko ubadilishwe mara moja au mbili kwa mwaka, maana mboji huendelea kuoza na kusagika, na chembe zikiwa ndogo tabaka la maji hupanda tena.